Kimbunga kikija Oman: jinsi ya kujipanga kabla wadi halijashuka

Kila kikitangazwa kimbunga huku Oman lazima simu ipigwe kutoka nyumbani, Unguja, Mombasa, saa zingine mpaka Kigoma, na lazima mtu aulize huku anacheka, hivi nyie jangwani huko mafuriko mnayatoa wapi? Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Nayaandika yote hapa kwa ndugu zangu tuliozaliwa ama kukulia huku, kwa waliohamia juzi juzi, na zaidi kwa dada zetu wanaofanya kazi majumbani, maana wao onyo linatoka kwa Kiarabu kwenye TV ya sebuleni na wao wako jikoni, hakuna anayewaambia kitu.

Mafuriko tunayatoa hapa. Muscat kwa mwaka mzima hupata mvua kama milimita 100 hivi. Kimbunga Gonu kilivyokuja mwezi wa 6 mwaka 2007 kuna sehemu karibu na pwani zilipata kama milimita 610. Kimbunga Shaheen kilivyopiga Batinah, ile pwani ya kaskazini-magharibi ya Muscat, tarehe 3 Oktoba 2021, mji wa Khaboura ulipata milimita 369 ndani ya masaa 24, yaani mvua ya miaka mitatu na ushee imeshuka kati ya jana na leo. Sasa ile milima ya Hajar nyuma ya pwani ni mawe matupu, kilele chake Jabal Shams kina kama mita 3,000 na hakuna msitu wala udongo wa kuyanywa hayo maji, mvua ikigonga pale ni kama umemwaga ndoo juu ya sakafu ya saruji. Yote yanakimbilia kwenye mawadi, yale mabonde makavu yanayogeuka mto mvua ikinyesha, mawadi yanakimbilia baharini, na hapo katikati ndo sisi tumejenga. Na bahari nayo siku hiyo imeshavimba kwa upepo, kwa hiyo wadi likifika pwani halipati pa kuingilia, linarudi kwenye mitaa.

Kwa hiyo usijiandae na upepo tu. Gonu iliua watu kama 50 Oman na wengi walikufa kwa maji. Watu hufunga madirisha, wakanunua mikate, wakatulia, kumbe nyumba yao imekaa kwenye koo la wadi na hawajui.

Kujua nyumba yako imekaa wapi

Hii ifanye leo jua likiwa kali, usisubiri tangazo. Fungua Google Maps weka ile picha ya setilaiti, kisha sogeza kutoka mlimani mpaka baharini. Wadi huonekana, ni ule mshipa mweupe wa changarawe unaojipinda, hauna nyumba ndani yake ama zipo chache. Ufuate mpaka ulipopotea. Mahali ulipopotea ndo pa kuangalia vizuri, kwa sababu wadi haliishi pale mtaa ulipoanza, lililoisha ni ile picha yake tu, watu wamelijaza kifusi wakauza viwanja.

Kisha toka nje utembee. Angalia miti ya mkunazi na migunga iliyo karibu na bonde, utaona majani makavu, vipande vya mifuko ya plastiki, saa zingine kandambili, vimenasa kwenye matawi juu ya kichwa chako. Huyo sio mtoto aliyerusha. Hapo ndo maji yalipofika. Mie mara ya kwanza kuoneshwa kitu hiki nilikuwa nimesimama nimenyoosha mkono na siufikii ule mfuko, na nyumba niliyokuwa naitaka kupanga ilikuwa hatua mia kutoka pale, bei poa ajabu, nikajua kwa nini ni bei poa.

Na umuulize mzee yeyote anayekaa mtaani zaidi ya miaka 20, msikitini ama dukani, "mwaka wa Gonu maji yalipita wapi?" Atakuonesha kwa kidole mpaka ukuta. Usiulize wakala wa nyumba.

Wengine watakwambia siku hizi kuna mabwawa. Ni kweli, Wadi Dayqah kule Quriyat lina bwawa kubwa linaloweka kama mita za ujazo milioni 100, na Al Khoud lipo tangu miaka ya 80. Yanasaidia sana. Lakini bwawa likijaa linamwaga, na kuna mawadi chungu nzima yasiyo na bwawa lolote.

Msimu, na nani wa kumsikiliza

Vimbunga vya bahari hii vina misimu miwili, mwezi wa 5 na wa 6, kabla ya khareef (msimu wa pepo za kusi), na wa 10 na wa 11, baada yake. Katikati hapo pepo za juu na za chini zinapishana kwa nguvu zinakikata kimbunga kabla hakijasimama. Gonu ilikuwa Juni, Phet ya 2010 Juni, Mekunu iliyopiga Salalah kule kusini ilikuwa Mei 2018, Luban Oktoba mwaka huo huo, Shaheen Oktoba. Shaheen yenyewe ilikuwa mabaki ya kimbunga kingine, Gulab, kilichopiga India upande wa mashariki kikavuka nchi nzima kikadondokea bahari ya huku kikapata nguvu upya. Kwa hiyo usidharau habari ya kimbunga cha mbali eti hicho ni cha Wahindi.

Wanaotoa onyo ni mamlaka ya usafiri wa anga ya Oman, ndo wenye kituo cha hali ya hewa. Fuata kurasa zao, kuna Kiarabu na Kiingereza. Ukisikia "indhar" hilo ni onyo, ukisikia "ikhlaa" hiyo ni amri ya kuhama sio ushauri, na "markaz iiwaa" ni mahali pa kujihifadhi, mara nyingi skuli. Namba ya dharura ni 9999. Video za WhatsApp achana nazo, kila kimbunga kikija zinarudi zile zile za Gonu, gari zile zile zinaelea, mtu kaandika "sasa hivi Seeb", watu wanakimbilia barabarani bure.

Siku mbili kabla

Anza na maji ya kunywa. Inachekesha kununua maji wakati unaogopa mafuriko lakini sikiliza, maji ya bombani Muscat yanatoka baharini, yanachujwa mitamboni, na ile mitambo inataka umeme na inataka bahari isiwe tope. Mwaka wa Gonu mtambo wa Ghubra na wa Barka ilisimama, jiji zima likabaki limezungukwa na maji na hakuna tone la kuchemshia chai. Siku kadhaa watu walipanga foleni kwenye malori ya maji na madumu, na joto la Juni unalijua. Weka lita 4 za kunywa na kupikia kwa kila mtu kwa siku, hesabu siku tano. Tangi la juu lijaze mpaka kwenye shingo, faida mbili, una maji ya kuogea na choo, na tangi la plastiki likiwa zito upepo haulibebi. Tangi tupu linaruka kama boya.

Ukiwa huko juu safisha milizamu. Hili watu wanalisahau kabisa! Dari za huku ni bapa zina kikuta pembeni, na mwaka mzima mvua hakuna kwa hiyo mlizamu umejaa vumbi, manyoya ya njiwa, mfuko wa vitafunio vya mtoto. Mvua ikija dari inakuwa bwawa la kuogelea, maji yanatafuta waya wa taa, yanashuka nao mpaka sebuleni. Ingiza mkono utoe kila kitu kisha mwaga ndoo moja ujaribu kama yanatoka. Dishi lifunge, mbao na mabati yaliyolala juu teremsha, ile eisii iliyowekwa juu ya matofali mawili iangalie.

Vingine haraka haraka. Pesa taslimu, maana umeme ukikatika mashine za kadi na ATM zimekufa. Chaji kila kitu, pawabenki, tochi. Dawa za wiki mbili, na mwenye insulini atafute boksi la barafu mapema. Chakula kisichotaka kupikwa, tende zipo, haluwa ipo, sijui watu wanahangaika nini na noodles. Pasi, vitambulisho, hati ya nyumba, vipige picha utume kwa mtu wako aliye nchi nyingine, kisha vyenyewe vitie kwenye mfuko wa plastiki ufunge fundo viwe mahali pa juu.

Gari lijaze mafuta ulipeleke mahali palipoinuka. Sio kwenye pakingi ya chini ya jengo. Mie 2007 nilijiona mjanja, nikalishusha chini ya jengo Ghubra lisije likapigwa na tawi ama bati. Asubuhi ya pili nilikuta ngazi ya kushukia inaishia kwenye maji ya kahawia, na paa la gari langu limegusa taa za dari, limegeuka linatazama ulikotokea mlango. Lilielea usiku kucha mle ndani kama mtumbwi. Na bima niliyokuwa nayo haikuhusu maafa ya asili, nilikuwa sijaisoma. Isome yako leo.

Kwa dada zetu

Chumba chako kama ni cha nje ama cha chini kabisa, muombe madamu mapema, sio usiku mvua imeshaanza, ulale ndani ghorofani siku hizo. Sema wazi tu, naogopa maji. Wengi wataelewa, nao wanaogopa. Iwe na wewe simu yenye chaji na salio, na picha ya pasi yako humo ndani hata kama pasi yenyewe anayo kafili (mwajiri aliyekudhamini). Jifunze jina la mtaa na namba ya njia, maana ukipiga 9999 utaulizwa uko wapi, na "kwa madamu" sio anwani. Tuma lokesheni kwa rafiki mmoja kabla, ukiwa na intaneti, kwa sababu ikikata imekata. Ukitumwa nje kuokoa mazulia ama mitungi na maji yameshapita kwenye kifundo cha mguu na yanakimbia, kataa. Zulia litanunuliwa.

Kikishafika

Ile kubandika gundi ya karatasi alama ya X kwenye vioo haizuii kitu, kazi yake ni kukupotezea muda na kukuachia gundi ya kukwangua. Vuta mapazia, kaa mbali na madirisha, chumba cha katikati ama korido ndo pazuri. Maji yakianza kupita mlangoni, zima meni swichi kabla hayajafika kwenye soketi. Yakishafika kwenye soketi usilisogelee lile boksi kabisa, na usilishike ukiwa umesimama ndani ya maji hata kwa fimbo. Panda juu. Kama nyumba ni ya chini tu na mtaa wako umetajwa, usisubiri uone, nenda skulini mchana kungali kweupe. Mpaka leo hakuna aliyejutia kulala kwenye darasa, wanaojuta ni wale waliokaa juu ya dari na watoto usiku wa giza, mvua inawapiga, wanasubiri helikopta.

Wanaokaa chini ya vilima nao wahame vyumba vya upande wa mlima. Siku ya Shaheen kilima kiliporomoka Rusayl kikaangukia nyumba ya wafanyakazi, wawili wakafa.

Na upepo ukikata ghafla, kukawa kimya, pengine hata nyota zikaonekana, usitoke nje kupiga selfi. Hapo umo ndani ya jicho la kimbunga. Upande wa pili unakuja na upepo unageuka, unatoka kule ambako hukuziba.

Wadi lenyewe

Hapa ntakaa kidogo kwa sababu hapa ndo tunapozikana.

Wadi halishuki kama mto unavyojaa nyumbani, taratibu mpaka unapata muda wa kuhamisha kuku. Mvua inanyesha mlimani saa mbili zilizopita, wewe uko chini jua linawaka, barabara kavu, halafu unasikia mngurumo kama lori la kokoto linamwaga. Kinachotangulia wala sio maji unayoyajua, ni ukuta wa takataka, matawi, mawe, povu la kahawia, kisha maji nyuma yake. Ukishalisikia usitafute simu ya kurekodi, panda juu, kwenda pembeni sio kwenda mbele, huwezi kushindana nalo kwa mbio kwenye njia yake yenyewe.

Gari. Maji ya sentimita 30 tu yanatosha kuielesha gari ndogo, na 60 yanabeba hata Land Cruiser. Sijui kwa nini hili halituingii. Gari likikaa kwenye maji linakuwa na tabia ya ndoo iliyofungwa, linanyanyuka, tairi zikishaacha lami usukani hauna kazi tena, na ukubwa wa gari unawapa maji ubavu mpana zaidi wa kusukuma. Na chini huoni, pengine lami yenyewe imeshaliwa, umebaki ukingo na shimo. Barabara zinazokatisha mawadi zina nguzo zenye rangi pembeni, maji yakifika kwenye nyekundu hupiti. Mie naenda mbali zaidi, yakiwa yanakimbia na ni ya kahawia sipiti hata kama nguzo inaniruhusu. Kulivuka wadi linaloshuka kwa makusudi huku ni kosa kisheria pia, unaweza kufungwa na kupigwa faini, na haki yao.

Ukinasa, gari limezima maji yanapanda, fungua mkanda, shusha dirisha mara moja umeme wa gari ungali hai, utoke kwa dirishani upande juu ya paa. Mlango hautafunguka, maji yameukandamiza. Watoto kwanza. Mikoba iache.

Na usidhani ni vimbunga tu. Aprili 2024 hapakuwa na kimbunga, ilikuwa mvua ya dhoruba tu, na wadi kule Samad al Shan lilichukua gari lililobeba watoto wa skuli. Nchi nzima ililia. Kwa hiyo sheria za wadi ni za mwaka mzima.

Likishapita

Subiri tangazo. Wadi linaweza kuendelea kushuka siku nzima baada ya mbingu kusafika. Nyaya zilizoanguka ziogope zote. Jenereta liweke nje kabisa, sio kwenye korido wala gereji, moshi wake una gesi ya sumu isiyo na harufu ya kukuamsha, unalala moja kwa moja. Gari lililozama usiliwashe hata mara moja eti ujaribu, maji yaliyomo ndani ya injini hayabanwi, utavunja kilichokuwa kizima. Livutwe. Viatu vikung'ute kabla hujavaa, ng'e na nyoka nao wamehama makwao usiku ule na wamekuja kwako.

Piga picha kila chumba kabla hujagusa, za bima na za fidia. Kisha tope. Tope la wadi ni laini kama unga na likiwa bichi linasukumika, likikauka siku mbili kwa jua la huku linakuwa saruji, utalipiga kwa nyundo. Kwa hiyo lisukume nje wakati lingali uji, na likianza kugandama limwagie maji uendelee. Baada ya Shaheen watu walitoka Muscat, Sharqiyah, Dhofar, wakaenda Batinah na mabeleshi na fagio za mpira, wamekunja kanzu viunoni, wakawasafishia watu wasiowajua nyumba kwa nyumba. Sisi tulikuwa kumi na mbili kwenye gari mbili na ile siku niliondoka na malengelenge kiganja kizima. Tangi la chini la maji kama tope limeingia limwage lote, lisugue, tia klorini, usionje kwanza.

Wa Salalah na jangwani kuna jambo lao. Mekunu na Luban ziliacha maziwa katikati ya mchanga wa Rub al Khali, majani yakaota mahali hapakai mtu, na nzige wakazaliana huko kizazi baada ya kizazi bila mtu kuwaona. Wale nzige waliofika Kenya mwisho wa 2019, ambao Kenya haikuwa imeona mfano wake kwa miaka 70, asili yao inafika mpaka kwenye mvua hizo. Hilo huwa namkumbusha anayepiga simu kutoka nyumbani anacheka.

Binamu yangu wa Khaboura alipomaliza kusafisha aliacha ukuta mmoja wa sebuleni bila kuupaka rangi. Mstari wa tope upo mpaka leo, unafika kwangu kifuani, umenyooka kama umepigwa kwa rula. Fundi umeme alipokuja kuweka soketi upya akampa kipimo cha kawaida, chini karibu na sakafu. Binamu akamshika mkono akauweka juu ya ule mstari, akamwambia kuanzia hapa kwenda juu, zote, na friji pia tunaijengea kizimba.